Kijani cha Lupanga hakimo kwenye kopo

Anayeanza kuchora Milima ya Uluguru hukimbilia kopo la kijani, na hapo ndipo picha inapoharibika. Simama mjini Morogoro asubuhi, uutazame Lupanga, kilele cha mita 2,138. Migomba ya chini ina kijani chenye manjano, msitu wa juu umekolea hadi kukaribia weusi, na safu za mbali zimekuwa za buluu. Hewa hutawanya mwanga wa buluu zaidi ya mwekundu, kwa hiyo kadiri mlima unavyokuwa mbali ndivyo unavyozidi kuwa wa buluu na kufifia.

Nunua nyekundu, manjano, buluu na nyeupe, basi. Manjano na buluu huzaa kijani. Nyekundu na manjano, rangi ya chungwa. Nyekundu na buluu, zambarau. Tanguliza manjano kwenye sahani, kisha ongeza buluu kwa ncha ya brashi. Ukianza na buluu, utamaliza manjano yote kabla hujakiona kijani unachokitaka.

Zambarau ndiyo huwakatisha wengi tamaa: wanapata tope. Nyekundu yao inaelekea chungwa, yaani tayari ina manjano ndani yake, na rangi zote tatu zikikutana huuana. Tafuta nyekundu inayoelekea waridi.

Kijani kikiwa kikali mno, usikipoze kwa nyeusi. Tia nyekundu kidogo sana. Hizo mbili hukabiliana kwenye duara la rangi, na zikichanganywa hupozana mpaka kufikia kahawia. Lakini zikikaa bega kwa bega bila kuchanganywa, kila moja huing'arisha nyingine. Pita Soko Kuu la Chifu Kingalu, uangalie nyanya zilizopangwa karibu na mboga za majani: wekundu wake unakuita toka mbali. Buluu na chungwa hufanya vivyo hivyo, zambarau na manjano pia. Wachoraji wa Tingatinga wanaitumia sana nguvu hii, na ninawapenda kwa hilo, ila wewe jifunze kwanza kuipoza rangi.

Kwa zoezi, chora mistari mitatu ya milima. Wa karibu uwe kijani chenye manjano mengi; wa kati uongeze buluu na chembe ya nyekundu; wa mbali uwe buluu, nyeupe nyingi na nyekundu kiduchu. Usiihukumu rangi ikiwa mbichi: ya maji hufifia ikikauka, akriliki hukolea.