Jiko la Mkaa Lisiingie Chumba cha Kulala

Kuanzia Juni hadi Agosti baridi huwa kali Arusha mjini, na huzidi vijijini kwenye miteremko ya Mlima Meru. Familia nyingi huingiza jiko la mkaa chumbani, hasa palipo na mzazi na mtoto mchanga. Tujifunze hatari yake.

Makaa yasiyo na moshi yana ubaya gani?
Wengi wetu huliwasha jiko nje, tukangoja moshi uishe, ndipo tukaliingiza ndani. Tunadhani moshi ukiisha, hatari nayo imekwisha. Sivyo. Makaa mekundu hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, na haiwashi macho. Ikivutwa, hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mwili hukosa oksijeni, na aliyelala aweza kufa bila kuamka. Mtoto aliye tumboni hudhurika pia.

Mbona wazee wetu waliota moto ndani?
Paa la nyasi lilipitisha hewa, ingawa moshi uliumiza macho na vifua. Nyumba za leo ni za matofali, zina dari na madirisha ya vioo. Tukiziba nyufa kwa ajili ya baridi, sumu haina pa kutokea.

Katika nchi za baridi, jiko la kuni la kupasha chumba joto hufungwa pamoja na dohani la kupeleka moshi nje. Huko Uingereza, tangu Oktoba 2015, sheria humtaka mwenye nyumba ya kupangisha aweke king'ora cha kutambua sumu hii katika chumba chenye jiko la kuni au makaa. Jiko letu la mkaa halina dohani. Basi kanuni ni moja: lisiingie chumba cha kulala. Kuacha dirisha wazi kidogo hakutoshi.

Dalili
Kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika na kuishiwa nguvu. Wakiugua watu kadhaa wa nyumba moja kwa pamoja, msiseme tu ni malaria.

La kufanya
1. Fungueni milango, mtoeni mgonjwa nje penye hewa safi.
2. Mpelekeni hospitali upesi, hata akipata nafuu, na mwelezeni mganga habari ya jiko. Atahitaji oksijeni.
3. Msipoteze muda kumnywesha maziwa. Sumu hii imo katika damu, si tumboni.

Tupate joto namna gani?
Mtoto mchanga avikwe kofia na soksi, alazwe kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, wafunikwe blanketi mgongoni pake. Wengine tuvae sweta, tuotee moto nje. Usiku jiko libaki nje, mbali na mlango na dirisha.

Tujadiliane nyumbani:
1. Jiko letu hulala wapi?
2. Nani atamweleza mpangaji au jirani aliyejifungua?