CHIKANDA: MAPISHI YAKE NA MAUA YATUPATIAYO

Katika somo hili twataka kuwaeleza wasomaji wetu habari za chakula kiitwacho chikanda, ambacho watu wengine wa Nyanda za Juu za Kusini hukiita kinaka. Wenyeji wa Tunduma na wa mpakani mwa Zambia wakijua, kwa maana Wanyamwanga wako pande zote mbili za mpaka, na vyungu vyao havikutengwa na mstari uliochorwa katika ramani. Lakini wako wengi wakilao ambao hawajui kitokako. Basi yafaa tujifunze mambo mawili pamoja: jinsi kipikwavyo, na jinsi kiwezavyo kutupotea.

CHAKULA CHENYEWE

Chikanda ni mkate mzito, wa rangi ya kahawia, ukatwao vipande kwa kisu na kuliwa ukiwa umepoa. Hauna ngano ndani yake, wala nyama, ijapokuwa mgeni aulaye mara ya kwanza hudhani kuwa ameonja nyama iliyosagwa. Hufanywa kwa vitu viwili vikuu: unga wa karanga, na unga wa viazi vidogo vya maua ya porini yaitwayo okidi. Huliwa pamoja na ugali, au peke yake njiani na shambani. Ni chakula cha kushibisha na kufurahisha moyo; mtoto akirudi shule na kukuta kipande chake kimewekwa, hana neno la kulalamika.

JINSI YA KUPIKA

Twaa unga wa chikanda kikombe kimoja, unga wa karanga vikombe viwili, chumvi, pilipili kavu iliyotwangwa, na magadi ya kupikia kijiko kimoja cha chai. Zamani, na hata sasa penye uhaba wa magadi, wapishi walitumia maji ya majivu yaliyochujwa.

Kwanza, viazi vya okidi huoshwa sana ili udongo utoke, humenywa, huanikwa juani mpaka vikauke kabisa, kisha hutwangwa katika kinu na kuchekechwa.

Pili, chagua karanga mbichi zilizokauka vizuri, uzitwange na kuzichekecha. Hapa twatoa onyo. Karanga iliyoota ukungu, iliyosinyaa au iliyogeuka rangi, itupwe. Ukungu huo huweza kuwa na sumukuvu, na sumu hiyo hudhuru ini, wala moto wa jikoni hauiondoi. Asidhani mtu kwamba pilipili itaificha.

Tatu, chemsha maji vikombe vitatu katika sufuria kubwa, utie chumvi, pilipili na unga wa karanga. Usiondoke jikoni, kwa maana karanga hufura povu na kumwagika. Koroga mpaka povu litulie, yapata dakika kumi.

Nne, punguza moto, tia magadi, kisha nyunyiza unga wa chikanda kidogo kidogo, huku ukisonga kwa mwiko kwa nguvu. Ukiutia wote mara moja utafanya madonge. Mara utaona uji unageuka kuwa kitu kizito kivutikacho, kinachoachana na kingo za sufuria. Kikiwa kigumu mno, ongeza maji ya moto kidogo.

Tano, sawazisha juu, funika, weka makaa ya moto juu ya mfuniko, na chini uache makaa machache. Baada ya nusu saa au zaidi, juu patakuwa pamekauka na kugeuka rangi. Ipua, uache kipoe kabisa kabla ya kukata. Mwenye haraka akikata kikali moto atapata uji, hatapata mkate.

SABABU YA KUSHIKAMANA

Mwalimu aweza kuulizwa: Mbona karanga peke yake haifanyi hivi? Jibu ni kwamba ndani ya kiazi cha okidi mna ute mwingi ambao ukikutana na maji ya moto hunyonya maji na kuvimba. Magadi au maji ya majivu huusaidia ute huo kuganda na kushika. Hivyo wazee wetu, bila kitabu, walijua kazi ya majivu katika chungu. Tena si sisi peke yetu. Huko Uturuki watu husaga viazi vya okidi za nchi yao na kufanya kinywaji kizito cha moto kiitwacho salep, na huko nako maua hayo yamepungua sana kwa kuchimbwa.

UA NA AKIBA YAKE

Sasa tuje kwenye jambo zito. Okidi hizi huota katika mbuga za nyasi na mabonde yenye majimaji, na nyingi huchanua wakati wa mvua. Chini ya shina, kwa kawaida, mna viazi viwili. Kimoja kimesinyaa, nacho ndicho kilicholilisha shina la mwaka huu. Cha pili kimejaa, nacho ni akiba ya shina la mwaka ujao. Mchimbaji autakaye unga hukitaka kile kilichojaa. Kwa hiyo amchukuapo huyo wa pili, amechukua chakula cha leo na mbegu ya kesho kwa mkono mmoja.

Mtu atasema, “Mbona ua lina mbegu?” Ni kweli, linazo maelfu, lakini ni ndogo kama vumbi, nazo hazina chakula ndani yake kama punje ya mahindi. Haziwezi kuota ila zikutane na kuvu wa namna fulani udongoni awalishe. Nyingi hufa. Hata ile iotayo hukaa miaka kabla ya kutoa kiazi kinachofaa. Ndiyo sababu chikanda hakilimwi kwa urahisi kama karanga, bali hutafutwa porini.

BIASHARA

Zamani kila nyumba ilichimba kadiri ya chungu chake. Kisha mapenzi ya chakula hiki yakaenea kutoka kaskazini mwa Zambia mpaka miji yake mikubwa, na mbuga za huko hazikutosha. Wanunuzi wakageukia Tanzania, na magunia ya viazi hivi yakapita mpakani. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kuwa viazi kati ya milioni 2.2 na milioni 4.1 kutoka Tanzania vililiwa Zambia kila mwaka, na kwamba aina za okidi zipatazo 85 huenda zilikuwa zikichimbwa. Biashara hiyo ilikuwa mojawapo ya sababu za kuhifadhiwa kwa uwanda wa Kitulo, ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu, uliofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005. Humo hairuhusiwi kuchimba hata kiazi kimoja. Tena mkataba wa mataifa wa mwaka 1973 umeziweka okidi zote katika mimea ambayo haivushwi mipaka kwa biashara bila kibali.

YATUPASAYO

Hatuwalaumu wachimbaji, kwa maana wengi ni watu wenye haja ya karo na chumvi. Walakini mwenye kuuza mbegu yake hawi tajiri. Basi twashauri hivi:

1. Asichimbe mtu kabla ya vikonyo vya mbegu kukauka na kupasuka. Tena aache mimea mingi kuliko aichukuayo.
2. Halmashauri za vijiji zina uwezo kwa sheria ya mwaka 1982 kutunga sheria ndogo, zikithibitishwa na halmashauri ya wilaya. Na zifunge mabonde kwa zamu, ili yapumzike.
3. Ijapokuwa utawala wa machifu uliondolewa kisheria mwaka 1963, neno la mzee wa jadi bado lasikiwa. Na aseme neno hilo.
4. Chikanda kiwe chakula cha arusi na sikukuu, kisiwe cha kila siku.

Kwa siku nyingine, mama aweza kufanya hivi: achemshe viazi vitamu au boga, amwage maji, aponde kwa mwiko, atie unga wa karanga uliochemshwa katika maji kidogo mpaka ukaiva, pamoja na chumvi. Koroga juu ya moto mdogo mpaka vichanganyike. Chakula hiki ni laini, kitamu, chafaa mtoto na mzee, na mbegu zake zote twazipanda wenyewe.

Akiba haiozi, walisema wahenga. Lakini akiba iliyokwisha kuliwa haioti.

MASWALI KWA WANAFUNZI

Kwa nini magadi hutiwa katika chikanda? Viazi viwili vya okidi vina kazi gani kila kimoja? Mbegu ya okidi yatofautianaje na punje ya mahindi? Katika kijiji chenu ni bonde gani lililokuwa na maua mengi zamani, na leo hali yake ni ipi? Waulizeni wazee.