Mfuko wa Kundi: Mafunzo Kutoka kwa Makanisa ya Kwanza



Somo la leo ni juu ya jambo ambalo limevunja makundi mengi ya kujisaidia, hata yale yaliyoanza kwa maombi na nyimbo. Jambo hilo ni pesa ya pamoja: nani aiweke, nani aihesabu, na nani aulizwe ikipungua.

Watu wengine husema ati mambo ya pesa si ya kiroho. Lakini tukifungua Agano Jipya tunaona kwamba makanisa ya kwanza yalichanga pesa, yakagawa chakula, yakagombana kwa ajili ya chakula hicho, kisha yakatafuta njia ya kutengeneza. Walikuwa watu kama sisi.

Somo lina sehemu nne. Mnaweza kulimaliza kwa mikutano miwili. Katika kila sehemu mtu mmoja asome mistari kwa sauti, na wengine wasikilize. Asiyejua kusoma asione haya. Barua za Paulo zilisomwa kwa sauti mbele ya kanisa lote, na wengi walizijua kwa masikio tu.

MFANO WA KUFIKIRIA

Tuseme kuna kundi la akina mama 20. Kila wiki kila mmoja analeta shilingi 100. Hizo ni shilingi 2,000 kwa wiki, na kwa miezi sita, yaani wiki 26, ni shilingi 52,000. Mweka hazina ni mama anayependwa na wote. Pesa anaiweka kwake nyumbani ndani ya mkebe, chini ya kitanda.

Usiku mmoja mtoto wake anashikwa na homa kali. Gari la kukodi linataka pesa, na hospitali pia. Mama anafungua mkebe na kutoa 6,000. Moyoni anasema, "Nitarudisha nikiuza mahindi." Mtoto anapona, lakini mahindi yanaharibika. Siku ya kugawana pesa inafika, naye mama haji mkutanoni. Maneno ya chini chini yanaanza kisimani na sokoni. Mwezi haujaisha, mama huyo amehama hata kanisa.

Kundi limepoteza shilingi 6,000. Tena limepoteza dada. Je, kosa lilikuwa la nani? Msijibu sasa. Wekeni swali hili moyoni mpaka mwisho wa somo.

1. YERUSALEMU: MALALAMIKO YALISIKILIZWA
(Someni Matendo 6:1-7)

Kanisa la Yerusalemu lilikuwa na watu wa lugha mbili. Wengine walikuwa Wayahudi wa pale nyumbani, na wengine walikuwa Wayahudi waliozoea Kiyunani. Kila siku wajane walipewa chakula. Basi wale wa Kiyunani wakaanza kunung'unika kwamba wajane wao wanasahauliwa.

Hebu fikirini jambo hili linatokea katika kundi lenu. Watu wa upande mmoja wa kijiji wanasema mbegu zilizoletwa zimegawiwa watu wa upande ule mwingine. Mara nyingi viongozi hukasirika. Husema, "Hawa ni wachochezi," ama "Tuwaombee."

Mitume hawakufanya hivyo. Waliita mkutano wa wanafunzi wote. Walikubali kwamba hawawezi kufanya kila kazi wao wenyewe. Wakaambia watu wachague saba wenye sifa njema, waliojaa Roho na hekima. Angalieni vizuri: mitume walisema mtu awe wa namna gani, lakini watu ndio waliochagua. Halafu mitume wakawaombea na kuwawekea mikono.

Someni tena majina ya wale saba: Stefano, Filipo na wenzao. Majina yote saba ni ya Kiyunani, na mmoja wao, Nikolao wa Antiokia, hakuzaliwa Myahudi. Yaonekana kanisa lilikabidhi kazi ya kugawa kwa watu wa upande ule uliokuwa unalia. Hii ni hekima kubwa. Mtu akilalamika kwamba mzani si wa haki, mpe ashike mzani mbele ya wote.

Funzo: Lalamiko si uasi. Lisemwe mkutanoni, lisikizwe, na lipewe dawa kabla halijawa chuki.

2. ANTIOKIA: WALIJITAYARISHA KABLA YA NJAA
(Someni Matendo 11:27-30)

Antiokia ulikuwa mji mkubwa wa Siria. Huko ndiko waumini waliitwa Wakristo kwa mara ya kwanza. Nabii mmoja jina lake Agabo alifika kutoka Yerusalemu akasema njaa kubwa inakuja. Luka anatuambia njaa hiyo ilikuja siku za Klaudio, aliyetawala Rumi kutoka mwaka wa 41 mpaka 54 baada ya Kristo. Yosefo, Myahudi aliyeandika historia ya taifa lake, naye anaitaja njaa hiyo ya Uyahudi. Anasema Malkia Helena wa Adiabene alituma watu wanunue nafaka Aleksandria huko Misri, na tini zilizokaushwa huko Kipro, ili watu wa Yerusalemu wasife.

Sasa tazameni walivyofanya watu wa Antiokia. Hawakukaa kuuliza nani alikosa mpaka njaa ikaja. Hawakungoja kuona picha za watoto waliokonda. Kila mmoja alitoa kulingana na alichokuwa nacho. Halafu wakatuma mchango kwa wazee wa kanisa kwa mikono ya watu wawili, Barnaba na Sauli. Hawakumtuma mtu mmoja peke yake.

Sisi hapa Kenya hatuhitaji nabii kutuambia kwamba kiangazi kitakuja, ama kwamba Januari ni mwezi wa karo, ama kwamba mtoto anaweza kuugua usiku. Haya tunayajua. Basi kwa nini yatupate kila mara mikono mitupu?

Turudi kwenye mfano wetu. Kama kila mama kati ya wale 20 angetoa shilingi 10 zaidi kila wiki, zingekuwa 200 kwa wiki. Kwa wiki 30 ni shilingi 6,000. Ni pesa ile ile mama aliyotoa kwenye mkebe! Kundi lingekuwa na mfuko wa dharura, na mama angebisha mlango wa mwenyekiti usiku ule bila kuiba na bila aibu.

Funzo: Shida inayojulikana iwekewe akiba mapema, na iwe akiba yake yenyewe.

3. KORINTHO: KIDOGO KIDOGO, KILA WIKI
(Someni 1 Wakorintho 16:1-4 na 2 Wakorintho 8:10-15)

Korintho ulikuwa mji wa biashara wenye bandari mbili. Kanisa lake lilikuwa na matajiri na maskini, na hawakupatana vizuri. Katika 1 Wakorintho 11 tunasoma kwamba hata kwenye chakula cha Bwana wengine walishiba na kulewa, na wengine wakabaki na njaa.

Paulo aliwaomba wachangie maskini wa Yerusalemu, mji ulio zaidi ya kilomita 1,000 kutoka kwao. Aliwapa njia rahisi: siku ya kwanza ya kila juma, kila mtu aweke kando sehemu ya alichopata. Hakutaka afike ndipo waanze kukimbia huku na huku kutafuta pesa.

Njia hii inasaidia maskini. Mwambie mama maskini alete shilingi 1,000 kesho, atakosa, na ataona haya kuja tena. Mwambie alete 20 kila wiki, baada ya wiki 50 ameleta 1,000 kama wengine, na kichwa chake kiko juu.

Hata hivyo Wakorintho walianza kwa moto halafu wakapoa. Mwaka mmoja baadaye ilibidi Paulo awaandikie tena wamalize walichoanza. Je, si tunaijua hali hii? Siku ya kwanza wanachama ni 30, mwezi wa sita ni 11. Paulo hakuwatukana. Aliwaambia kwamba Mungu hupokea mtu anachotoa katika kile alicho nacho, hadai kile asichokuwa nacho. Aliwaonyesha pia kwamba hataki wengine wapumzike na wao waumie, bali pawe na usawa: leo ninyi mnasaidia, kesho mtasaidiwa. Hiyo ndiyo maana ya kuzungushiana pesa katika makundi yetu.

Funzo: Kiwango kiwe kile ambacho mwanachama wa chini kabisa anaweza, na kisikatike.

4. PAULO HAKUBEBA PESA PEKE YAKE
(Someni 2 Wakorintho 8:16-21 na Matendo 20:4)

Paulo alikuwa mtume. Alianzisha kanisa la Korintho mwenyewe, na kwa kazi yake huko hakuchukua mshahara kwao. Kama kuna mtu angeweza kusema "niaminini tu," ni yeye. Lakini hakusema hivyo.

Alimtuma Tito pamoja na ndugu wengine wawili. Mmoja wao alikuwa amechaguliwa na makanisa yenyewe. Paulo anaeleza sababu waziwazi: mchango ni mkubwa, naye hataki mtu yeyote apate nafasi ya kuwalaumu. Anasema wanajali mambo yawe safi mbele za Bwana, na pia mbele za watu. Wengi wetu tunaipenda nusu ya kwanza tu. Tunasema, "Mungu anajua moyo wangu." Ni kweli, Mungu anajua. Lakini wanachama hawaoni moyo. Wanaona daftari.

Na kweli, maneno yalikuwako. Ukisoma 2 Wakorintho 12:16-18 utaona kwamba Paulo ilimbidi ajibu shaka ya kwamba aliwapunja kwa hila. Aliwauliza kama Tito aliwahi kuwadhulumu. Aliweza kuuliza hivyo bila woga kwa sababu mambo yalifanywa mbele ya mashahidi. Safarini pia aliandamana na watu saba wanaotajwa kwa majina, kutoka Beroya, Thesalonike, Derbe na Asia.

Mwisho wake je? Huko Yerusalemu Paulo alikamatwa. Liwali Feliki alimwita mara kwa mara, akitumaini kupewa pesa ili amwachilie (Matendo 24:26). Leo tungesema alitaka kitu kidogo. Paulo hakutoa, akakaa kifungoni miaka miwili. Aliyelinda pesa ya maskini kwa mashahidi hakununua uhuru wake kwa hongo.

Funzo: Mashahidi si kwa ajili ya mwizi tu. Wanamlinda mtu mwaminifu.

TURUDI KWA YULE MAMA

Sasa tujibu swali. Je, kosa lilikuwa la nani? Mama alikosa, maana alichukua bila kusema. Lakini kundi pia lilikosa. Lilimwachia mtu mmoja mkebe, ufunguo na daftari, kisha likamwacha na jaribu hilo usiku wa manane, mtoto akilia. Hata katika kundi la Bwana Yesu, Yuda aliyeshika mfuko alikuwa akiiba (Yohana 12:6). Kama jaribu liliingia pale, litaingia kwetu pia.

Kwa hiyo msiseme, "Sisi tunapendana, hatuhitaji daftari." Kwa sababu mnapendana, wekeni daftari.

MAMBO MNAYOWEZA KUANZA MKUTANO UJAO

1. Pesa ihesabiwe mbele ya wote, na jumla isemwe kwa sauti, ili hata asiyejua kusoma aikumbuke.

2. Sanduku liwe na kufuli tatu. Funguo zikae kwa watu watatu, na anayekaa na sanduku asiwe na ufunguo wowote. Kama mna akaunti ya benki, watie sahihi watu watatu. Kama pesa iko kwenye simu, mtu mmoja asiwe ndiye peke yake anayejua namba ya siri na kuona salio.

3. Mfuko wa dharura uwe kando. Andikeni ni shida gani zinasaidiwa, ni kiasi gani, na nani wa kuamshwa usiku.

4. Mwanachama mwingine, asiye mweka hazina, akague daftari kila baada ya miezi mitatu na kuleta ripoti.

5. Yule aliyekosa na akakubali, wekeni mpango wa kulipa kidogo kidogo. Mwendeeni nyumbani wawili, msimseme sokoni.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kundi letu, ni nani wanaosahauliwa kama wale wajane? Wameulizwa?

2. Mweka hazina wetu akiugua leo, nani anajua pesa iko wapi na ni ngapi?

3. Kiwango chetu cha mchango kinamfukuza nani?

4. Je, kuna mtu aliyetuacha kwa sababu ya pesa? Nani atakwenda kumwona wiki hii?

Msimalize swali la nne kwa maneno tu. Kabla ya kufunga kwa maombi, chagueni wale wawili watakaokwenda, na mpange siku. Bwana awabariki na kuibariki kazi ya mikono yenu.