HABARI ZA CHAI: ASILI YAKE, MATENGENEZO YAKE NA MANUFAA YAKE

Katika Ipinda, na katika vijiji vyote vya tambarare ya Kyela hata ufukoni mwa Ziwa Nyasa, hapana nyumba isiyojua chai. Mgeni akifika huandaliwa chai; mtoto hunywa chai kabla ya kwenda shule; na penye msiba, chai ndiyo inayowakesha waombolezaji. Lakini ukimwuliza mtu mmea huu ulitoka wapi, au jani la kijani hugeukaje kuwa jeusi, au chai huufanyia nini mwili, mara nyingi hana jibu. Basi yafaa tujifunze habari hizi, maana katika chai mna faida na mna hasara, na mwenye kujua ndiye awezaye kuchagua.

Asili ya chai

Chai ni mmea wa Uchina na nchi zilizo jirani. Wachina husimulia kwamba mfalme wao wa kale, Shen Nung, alikuwa akichemsha maji chini ya mti, upepo ukaangusha majani ndani ya chungu, naye akapendezwa na ladha yake. Hiyo ni hadithi tu, lakini ni kweli kwamba Wachina walikunywa chai karne nyingi kabla ya watu wa Ulaya kuijua. Hata jina lenyewe ni la kwao: Wachina husema “cha”, Waajemi na Wahindi wakatamka “chai”, nasi tukaipokea hivyo hivyo.

Waholanzi waliipeleka Ulaya katika miaka ya 1600. Waingereza walipoipenda mno, hawakutaka kuinunua Uchina peke yake, wakaanza kuilima Assam katika Bara Hindi, na chai ya kwanza ya Assam ikauzwa London mwaka 1839. Katika kisiwa cha Sailoni, ambacho sasa huitwa Sri Lanka, James Taylor alianzisha shamba la chai mwaka 1867; baadaye ugonjwa wa kutu ukaiharibu kahawa ya kisiwa kile, na wakulima wengi wakaigeukia chai.

Jinsi ilivyofika kwetu

Katika nchi yetu walioileta ni Wadachi. Waliijaribu katika kituo chao cha kilimo cha Amani, Usambara, kilichofunguliwa mwaka 1902. Na mwaka 1904 ikapandwa Kyimbila, karibu na Tukuyu, mji ambao wao waliuita Neu-Langenburg. Kilimo cha biashara kilianza yapata mwaka 1926, wakati wa Waingereza, nacho kilikuwa cha mashamba makubwa. Baada ya Uhuru wa mwaka 1961 ndipo wakulima wadogo walipoanza kupanda kwa wingi. Leo viwanda vya Katumba na Mwakaleli husaga majani yanayochumwa na wakulima hao, kila mmoja katika kishamba chake.

Mtu wa Ipinda ataweza kuuliza: “Mvua tunayo nyingi, kwa nini sisi hatulimi chai?” Jibu ni kwamba mvua peke yake haitoshi. Tukuyu iko yapata mita 1,500 juu ya bahari, lakini tambarare yetu iko yapata mita 500 tu, na joto lake ni kali. Tena, chai hupenda udongo wenye uchachu, wenye kina na usiotuama maji, kama ule wa mlima Rungwe uliotokana na moto wa volkano. Mizizi yake ikikaa majini huoza. Lakini bonde linalotuamisha maji ndilo linalopendwa na mpunga, na joto letu ndilo linalopendwa na kakao. Kila nchi na zao lake.

Matengenezo yake

Mti wa chai ukiachwa hukua hata kuwa mrefu kuliko nyumba. Kwa hiyo mkulima huupogoa uwe kichaka cha kimo cha kiuno. Huanza kuchumwa ukiwa na umri wa miaka mitatu hivi, na ukitunzwa huishi miaka mingi kuliko aliyeupanda. Huchumwa majani mawili na chipukizi la ncha tu, kila baada ya juma moja au mawili.

Majani yakifika kiwandani hutengenezwa hivi:

1. Kunyausha. Hutandazwa na kupepewa kwa muda wa saa 12 hadi 18 yapoteze maji na kulegea.
2. Kusaga. Mashine huyakata na kuyasokota, hata utomvu wake utoke.
3. Kuchachusha. Huachwa penye hewa kwa saa moja au mbili. Hapa ndipo jani linapogeuka rangi, kama vile ndizi iliyomenywa inavyogeuka ikikaa wazi.
4. Kukausha. Hupitishwa katika hewa ya moto hata maji yabaki sehemu 3 tu katika 100.
5. Kuchambua. Huchekechwa, hutengwa kwa ukubwa, na kufungwa.

Kilo 4 au 5 za majani mabichi hutoa kilo 1 ya chai. Nayo chai ya kijani hutokana na mmea ule ule, illa haikuachwa ichachuke. Jani likichelewa njiani huanza kuchachuka ndani ya gunia, na thamani yake huanguka. Ndiyo sababu barabara mbovu ni hasara kwa mchumaji.

Faida zake

Faida ya kwanza ya chai ni maji yaliyochemka. Katika nchi ya mafuriko kama yetu, ambamo visima huingiwa na uchafu na kipindupindu kimekwisha kufika zaidi ya mara moja, kikombe cha chai ni salama kuliko kikombe cha maji mabichi. Pili, ndani yake mna kafeini, iondoayo usingizi na uchovu. Tatu, huenda husaidia moyo. Uchunguzi wa Uingereza uliotangazwa mwaka 2022, juu ya watu wapatao 500,000, ulionyesha kuwa wanywao vikombe viwili au zaidi kwa siku walikuwa na hatari ya kufa iliyopungua kwa sehemu 9 hadi 13 katika 100. Wataalamu wenyewe walionya kwamba hilo si hakika ya kuwa chai ndiyo sababu.

Mambo ya kuangalia

La kwanza, na kubwa kwetu, ni damu. Chai ina tanini, ambayo hushikamana na madini ya chuma yaliyomo katika maharage, mboga na nafaka, hata mwili ukapata chini ya nusu ya ile ambayo ungeipata. Bila chuma mwili hauwezi kutengeneza damu. Sasa fikirini: malaria huharibu damu, na safura hunyonya damu. Mama mjamzito aliyekwisha kupungukiwa hivyo, akila ndizi na maharage na kushushia na chai kila siku, hujinyima kile anachokihitaji kuliko watu wote, na siku ya kujifungua damu kidogo yaweza kumpoteza. Watoto wadogo ni vivyo hivyo.

Mwalimu aweza kuwaonyesha wanafunzi jambo hili. Atie msumari wenye kutu katika gilasi ya chai ya rangi iliyo kali, auache hata kesho yake. Chai itakuwa nyeusi kama wino, kwa kuwa tanini imeshika chuma. Isinywewe, bali imwagwe.

La pili ni sukari. Mwenye kunywa vikombe vinne vyenye vijiko vitatu vitatu amekula vijiko 12, nacho ndicho kiasi cha juu kabisa kinachofaa mtu mzima kwa siku nzima. Haba na haba hujaza kibaba, na ugonjwa wa kisukari huingia kwa mlango huo.

La tatu ni moto. Mwaka 2016 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kuwa kinywaji kinachozidi joto la digrii 65 huenda huleta saratani ya umio, ugonjwa unaoonekana sana katika Afrika ya Mashariki.

Basi wazee na walimu, tuwafundishe watu haya: chai inywewe saa moja au zaidi baada ya chakula, wala si pamoja nacho, mama mjamzito anywe kidogo, na vidonge vya damu alivyopewa kliniki avimeze kwa maji, mtoto wa miezi sita ya kwanza apewe maziwa ya mama tu, na mtoto mdogo apewe uji, matunda na dagaa wa ziwa badala ya chai. Sukari ipunguzwe, na kikombe kiachwe kipoe kidogo. Hakuna katika haya litakalomgharimu mtu hata senti moja.