Oksijeni Inayoamshwa na Mwanga

Wanafunzi wenzangu, na ninyi kaka zetu mliokwisha kumaliza masomo hapa, sote tumefundishwa darasani kwamba oksijeni ndiyo hewa ya kuvutia pumzi na ya kuwashia moto. Lakini iko hali nyingine ya hewa hiyo hiyo ambayo huua viini vya maradhi. Nataka kueleza jinsi ilivyogunduliwa, na jinsi mabingwa wanavyojaribu kuifanya dawa.

Molekuli ya oksijeni ina atomu mbili. Elektroni zake mbili za nje hukaa mbalimbali, nazo huzunguka upande mmoja. Kwa hiyo oksijeni ya kawaida ni pole kiasi, haiharibu kila kitu inachokigusa. Ikipata nguvu ya kilojuli 94 hivi kwa kila moli, elektroni moja hugeuka ikazunguka kinyume cha nyingine. Sasa huitwa oksijeni singleti, nayo ni kali: hushambulia mafuta na protini za viini na kuviua.

Mwanga peke yake hauiamshi kwa urahisi. Inatakiwa rangi maalum ipokee nguvu ya mwanga, kisha iikabidhi oksijeni, kama mtu apokeaye mzigo akamtwika mwenziwe. Mwaka 1900 Oscar Raab, mwanafunzi wa udaktari mjini Munich, alieleza kwamba rangi iitwayo akridini iliwaua wadudu wadogo wa majini palipokuwa na mwanga, wala haikuwaua vivyo hivyo gizani. Basi swali likabaki: kinachoua ni nini hasa, rangi au hewa?

Mwaka 1931 Hans Kautsky wa Ujerumani alijibu kwa jaribio rahisi. Alichukua punje za silika, jamii ya mchanga, akazitia baadhi rangi ya kupokea mwanga. Nyingine akazitia kitu kisicho na rangi, ambacho huwa kijani kikishambuliwa na oksijeni. Akazichanganya na kuzimulika. Rangi haikuweza kutoka punje moja hadi nyingine, lakini zile punje nyeupe zilibadilika rangi. Basi kilichovuka ni oksijeni iliyoamshwa, ikipita hewani. Hata hivyo, mabingwa wengi hawakumsadiki. Ilipita miaka 33. Mwaka 1964 Christopher Foote na Sol Wexler, huko Marekani, walitengeneza oksijeni hiyo kwa kuchanganya kemikali mbili, pasipo rangi wala mwanga, na ikafanya kazi ile ile. Kautsky alikuwa amesema kweli.

Sasa tutazame matibabu. Waganga hutumia rangi na mwanga kutibu baadhi ya saratani. Dawa iitwayo Photofrin, iliyokubaliwa Kanada mwaka 1993, hutiwa katika mshipa wa damu. Lakini rangi hiyo hukaa mwilini, na mgonjwa hulazimika kujikinga na jua kali kwa siku 30 au zaidi. Fikirini taabu ya mkulima au mvuvi akiambiwa hivyo! Je, haiwezekani rangi ibaki nje ya mwili, iingie hewa tu?

Hapo pana kizuizi. Ndani ya maji oksijeni singleti hudumu kama sehemu tatu na nusu tu za sekunde iliyogawanywa mara milioni moja, kisha hupoa. Hewani hudumu zaidi sana. Kwa hiyo mabingwa wa New York walitengeneza kibao kinachopitisha mwanga, chenye uso usiolowa maji, kama jani la gimbi ambalo matone huviringika juu yake. Kati ya kibao na majimaji hubaki tabaka jembamba la hewa. Humo waliweka punje za silika zenye rangi. Wakimulika, oksijeni huamka kwenye punje, huvuka hewa ile, na kuvifikia viini, na rangi haigusi kitu.

Mwaka 2018 walitangaza kwamba, katika maabara, kibao hicho kiliua utando wa Porphyromonas gingivalis, kiini kinachohusika na ugonjwa wa ufizi ambao huweza kung'oa meno. Katika kila viini 100,000 hakikusalia hata kimoja. Tena, tabaka lile la hewa laweza kupeleka oksijeni hata katika mifuko ya ufizi ambamo ni haba.

Mimi nimejifunza jambo moja katika habari hii. Punje za Kautsky zilikuwa za kuthibitisha tu, wala hakuwa akitafuta dawa ya meno. Lakini kwa kuwa alitenganisha vitu viwili apate kujua kipi kinafanya kazi, wengine wamepata njia ya kutibu. Basi tuingiapo maabara, tusifanye haraka kuandika jibu la kitabuni. Tuulize kwanza: ni kipi hasa kilicholeta badiliko hili, nami nitakitenganishaje na vingine?