Kulewa bila kuondoka kitini: Simuleta ya ndege ya kivita na mwili wako

Wiki hii tutaangalia maradhi ambayo huenda hujawahi kuyasikia yakitajwa, ingawa yameanza kuonekana katika miji yetu. Humpata mtu aliyeketi tuli kwenye kiti huku macho yake yakiwa angani. Wataalamu huyaita maradhi ya simuleta. Wenzetu wa Pwani, wanaojua vyema jinsi mtu anavyolewa na bahari, hawatapata taabu kuyaelewa.

Simuleta ni mtambo unaoiga urukaji wa ndege. Zamani ulikuwa mali ya majeshi na mashirika makubwa ya ndege. Siku hizi kijana mwenye kompyuta yenye nguvu, kijiti cha kuongozea ndege na miwani mikubwa yenye skrini ndani anaweza kujifunza kurusha ndege ya kivita aina ya F-16 katika chumba chake cha kulala huko Buruburu. Wala usidhani ni mchezo wa kubofya kitufe na kufyatua risasi. Programu kama Falcon 4.0, iliyotolewa mwaka wa 1998, na zilizofuata baadaye, humtaka mwanafunzi awashe injini hatua kwa hatua, asome rada, na akumbuke kazi za vitufe vingi vilivyobanwa kwenye kijiti na kwenye wenzo wa kuongeza mwendo. Kuna watu wazima, wenye kazi na familia, wanaokesha kwa miezi wakijifunza mambo hayo.

Mimi siwakatazi. Ninachotaka wajue ni yale yanayotendeka ndani ya sikio.

Sikio lisemalo uongo

Ndani kabisa ya sikio, nyuma ya sehemu ya kusikia, kuna mifereji mitatu iliyopinda kama nusu duara. Imejaa maji. Ukigeuza kichwa, maji hayo hubaki nyuma kidogo na kusukuma vinywele vidogo sana, navyo huupasha ubongo habari kwamba umegeuka. Karibu na mifereji hiyo kuna vifuko viwili vyenye vijiwe vidogo vya chokaa. Hivyo hueleza kama umeinama, na kama unaenda mbele au unashuka, mathalani ndani ya lifti.

Mpango huu unamfaa sana mtu anayetembea kwa miguu. Angani ni balaa. Ndege ikizunguka kwa mwendo usiobadilika kwa muda wa sekunde 20 hivi, maji ya mifereji huufikia mwendo huo na vinywele husimama wima tena. Rubani aliye ndani ya wingu huapa kwamba anaenda moja kwa moja, kumbe anazunguka huku akishuka. Akinyosha ndege, sikio humwambia kwamba sasa ndipo anapogeukia upande wa pili, naye huirudisha kwenye mzunguko. Marubani wengi wamekufa namna hiyo.

Simuleta ya kwanza iliyofaulu ilipata umaarufu kwa sababu hiyo hasa. Mmarekani Edwin Link, ambaye baba yake alikuwa na kiwanda cha piano na vinanda vya kanisani, alitengeneza mwaka wa 1929 ndege bandia iliyoyumbishwa kwa mivukuto ya vinanda. Wengi waliiona kama kitu cha kuchezea. Mwaka wa 1934 jeshi la Marekani lilipewa kazi ya kusafirisha barua kwa ndege, na katika majuma machache marubani zaidi ya 10 wakafa, wengi wakiwa katika hali mbaya ya hewa. Jeshi likanunua mitambo sita ya Link ili wanaobaki wafunzwe kuamini saa na mishale iliyo mbele yao, si masikio yao.

Sasa tazama kinyume chake. Katika simuleta ya nyumbani, macho huona upeo wa dunia ukipinduka na milima ikikimbia chini ya mabawa, lakini sikio linasema: bwana, umeketi. Safari hii sikio ndilo lisemalo kweli. Ubongo hupokea habari mbili zinazopingana, na maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba mgongano huo ndio unaomchafua mtu roho. Huanza kwa kupiga miayo na mate kujaa mdomoni, kisha jasho baridi, macho mazito, kichwa kuuma, kizunguzungu na mwishowe kutapika. Kadiri picha inavyojaa mbele ya macho ndivyo mambo yanavyokuwa mabaya. Ndiyo sababu miwani ile ya kuvaa huwashinda wengi wanaovumilia skrini ya mezani bila shida. Picha inayochelewa hata kidogo kufuata mkono au kichwa huzidisha taabu.

Maradhi haya yaliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1957, katika simuleta ya helikopta ya jeshi la majini la Marekani. Ajabu ni kwamba waalimu wenye ujuzi waliugua kuliko wanafunzi wasiowahi kuruka. Nadhani sababu yake si ngumu kuona: ubongo wa rubani mzoefu unajua ndege ikilala upande mwili unapaswa kuhisi nini, nao hukosa ule uzito unaoungojea.

Kama unatilia shaka kwamba sikio ndilo shina la mambo haya, sikiliza kisa hiki. Mwishoni mwa miaka ya 1950 jeshi hilo hilo, kupitia kituo chake cha udaktari wa marubani huko Pensacola, Florida, liliwachukua wanaume 11 viziwi kutoka Chuo cha Gallaudet. Kumi kati yao walikuwa wamepoteza kusikia kwa sababu ya homa ya uti wa mgongo, nayo ilikuwa imeiharibu pia mifereji ya usawa. Walizungushwa kwenye mashine za kila aina bila kuona kitu. Walipopelekwa kwenye bahari iliyochafuka karibu na Nova Scotia, viziwi walicheza karata kwa raha zao huku watafiti wakitapika.

Si kila homa ni malaria

Kijana mmoja dereva wa teksi alifika kwangu akilalamika kichefuchefu na kichwa kizito kila asubuhi. Alikuwa amekwisha kumeza dawa za malaria mara mbili, zilizonunuliwa dukani bila kupimwa damu. Tulipompima hatukuona vijidudu. Hakuwa na joto mwilini. Nilipomuuliza anafanya nini usiku, alicheka, akasema anafunga miwani yake saa tatu na kuivua saa saba au nane, akijifunza kutua na F-16. Kisha saa kumi na moja alfajiri yuko barabarani akibeba abiria.

Hapo ndipo penye hatari. Dalili za simuleta kwa wengi huisha baada ya saa moja au mbili, lakini kwa wengine hubaki kwa saa nyingi, na mtu huweza kuyumba au kuona barabara ikiinama ghafla. Jeshi la majini la Marekani huwataka marubani walioonyesha dalili hizi wasirushe ndege siku hiyo. Ikiwa rubani wa jeshi anazuiwa, dereva wa Thika Road aliyelala saa mbili ana haki gani ya kushika usukani?

Nilimshauri hivi, na ndivyo ninavyokushauri wewe. Anza na dakika 15 au 20, ukiruka moja kwa moja bila vituko. Acha mara tu miayo na mate yanapoanza; kujikaza kiume hapa hakusaidii, hurefusha ugonjwa. Pumzika siku nzima kabla ya kurudi, kwa kuwa ubongo huzoea kidogo kidogo na wengi hupona kwa mazoea tu. Washa feni, usiwe na njaa wala hangova, na usivae miwani hiyo ukiwa na mafua au sikio bovu. Chai ya tangawizi huwasaidia baadhi ya watu. Aliye na kifafa, au aliyewahi kuzimia mbele ya taa zinazomwekamweka, amwone daktari kwanza.

Usingizi nao ni sehemu ya somo lenyewe. Ufundi wa mikono hukomazwa na ubongo wakati umelala, kwa hiyo anayekesha akirudia kuwasha injini mara 30 anajipunja. Mazoezi mengine hayahitaji hata kompyuta: marubani halisi huketi mbele ya picha ya chumba cha rubani, hufumba macho na kugusa mahali pa kila kitufe kwa mpango. Fanya hivyo jioni kwa nusu saa, ukalale.

Tena usijidanganye kwamba umekuwa rubani. Simuleta ya nyumbani haiwezi kukupa uzito. F-16 halisi inaweza kupinda kwa nguvu ya G 9, ambapo mtu wa kilo 70 huwa kama wa kilo 630. Damu hukimbilia miguuni, na asiye na vazi maalumu wala mafunzo ya kukaza misuli huanza kupoteza nuru ya macho kwenye G 4 au 5, kisha huzimia. Kiti cha ndege hiyo kimelazwa nyuma nyuzi 30 kusudi kumsaidia rubani kustahimili hayo. Moyo na mishipa havijifunzi chochote mbele ya skrini.

Kuhusu vidonge, prometazini, saiklizini na sinarizini huzuia kutapika, lakini huleta usingizi, na vikichanganywa na pombe huwa vibaya zaidi. Kumeza kidonge ili uweze kukesha kwenye simuleta, kisha uendeshe gari asubuhi, ni kutafuta ajali kwa pesa zako mwenyewe.

Mwisho, kizunguzungu kisichotokana na simuleta kisifichwe nyuma yake. Kikikushika unapojigeuza kitandani na kuisha katika muda usiofika dakika moja, huenda vile vijiwe vya chokaa vimehama, na daktari anaweza kuvirudisha kwa kukilaza na kukigeuza kichwa chako kwa utaratibu maalumu. Kikija na homa, pimwa damu. Kikija na sikio kuziba au kuvuma, au baada ya kudungwa sindano za gentamaisini au streptomaisini, rudi upesi kwa aliyekutibu. Kikija na ulimi mzito, kuona vitu viwili viwili, au mkono na mguu wa upande mmoja kulegea, usingoje kupambazuke. Nenda hospitali usiku huo huo, na mtu mwingine ndiye aendeshe gari.