Hospitali ni Amana: Tujifunze Kutoka Maadili ya Kiislamu



Katika zahanati na hospitali nyingi za kanisa, hasa ukanda wa Pwani, wagonjwa wengi ni ndugu zetu Waislamu. Ni vema tufahamu dini yao inafundisha nini kuhusu mgonjwa na kuhusu yule anayeendesha hospitali. Somo hili linafaa kujadiliwa katika kikao kimoja cha kamati.

1. Msingi: uhai na amana

Qurani, katika Sura ya Al-Maida, aya ya 32, inafundisha kwamba anayeokoa uhai wa mtu mmoja ni kama ameokoa watu wote. Wanazuoni wa Kiislamu huhesabu kulinda uhai kuwa mojawapo ya malengo makuu matano ya sharia.

Pamoja na hilo kuna amana. Ulichokabidhiwa si chako, na siku moja utaulizwa juu yake. Hospitali imekabidhiwa mengi: mwili wa mgonjwa, siri yake, dawa zilizo stoo, na fedha za mfadhili.

2. Mfano wa Cairo

Inasimuliwa kwamba Qalawun, kabla ya kuwa sultani wa Misri, aliugua akiwa Damascus. Alitibiwa kwa dawa kutoka hospitali iliyoanzishwa na Nur al-Din mwaka 1154, akaweka nadhiri ya kujenga ya kwake. Mwaka 1284 alianza kuijenga mjini Cairo.

Aliiendesha kwa wakfu, yaani mali iliyotolewa kwa ajili ya Mungu, ambayo haiuzwi wala hairithiwi, na mapato yake hutumika kwa kazi iliyotajwa tu. Kodi za maduka na nyumba za kuogea zililipa waganga, dawa na chakula. Hati ya wakfu iliagiza wapokelewe wanaume kwa wanawake, matajiri kwa maskini, wenyeji kwa wageni. Iliagiza hata kila mgonjwa apewe chakula katika bakuli lake mwenyewe, lililofunikwa. Aliyefariki alikoshwa, akavishwa sanda na kuzikwa kwa gharama ya wakfu.

Tazameni jinsi huruma ilivyoandikwa ikawa kanuni, na kila kanuni ikawekewa fungu la fedha. Huruma isiyo na fungu hukwama pale dawa zinapoisha.

3. Funzo chungu

Lakini historia hiyohiyo inatuonya. Ili jengo lile likamilike haraka, wakazi wa Cairo walilazimishwa kufanya kazi, na kasri lililokuwa mali ya wengine likachukuliwa. Baadhi ya wanazuoni walilalamika, wakatilia shaka hata uhalali wa kusali mahali pale. Kwao, wema kwa mgonjwa haukufuta dhuluma kwa fundi.

Hapa ndipo somo linapotugusa sisi. Mafundisho ya Kiislamu yanataka kibarua alipwe ujira wake kabla jasho halijakauka. Kamati inayopaka rangi wodi ilhali wauguzi wana miezi mitatu bila mshahara imeangusha amana, hata kama wafadhili wakija wataona kuta zinang'aa.

4. Tufanye nini?

- Mgonjwa asiye na uwezo awe na fungu lake katika bajeti, asitegemee huruma ya karani wa zamu.
- Fedha iliyotolewa kwa dawa inunue dawa. Ikibidi kubadili matumizi, mfadhili aulizwe kwanza.
- Kamati ifanye shura, yaani kushauriana, na wauguzi na wahudumu wakiwemo, kabla ya kuamua mambo yanayowahusu.
- Mgonjwa mwanamke ahudumiwe na muuguzi mwanamke inapowezekana, na pawe na pazia.
- Mwezi wa Ramadhani, mgonjwa aulizwe kuhusu mfungo wake kabla ya kupangiwa saa za dawa. Uislamu unamruhusu mgonjwa kufungua na kulipa siku hizo baadaye.
- Mwili wa marehemu Mwislamu usicheleweshwe bila sababu, kwani kwao kuzika mapema kunahimizwa.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika hospitali yetu, mgonjwa asiye na fedha anapokelewaje usiku, wakati daktari mfawidhi hayupo?
2. Je, yupo mfanyakazi tunayemdai huduma njema huku yeye anatudai mshahara?
3. Mfadhili akitaka kuona leo risiti za fedha alizotoa mwaka jana, tutamwonyesha?

Tukiweza kujibu swali la tatu bila kutazamana, tumeanza vizuri. Tukiweza kujibu yote matatu, tumeitunza amana.